Olkaria, Mvuke Unaodhaniwa Makaa

Nyuma ya jokofu letu, hapa Lanet, Nakuru, kuna kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye soketi. Ndani yake mna transfoma iliyotolewa kwenye chaja mbovu, kikompyuta cha bei ya kuku wachache, na saa inayopokea wakati kutoka kwenye setilaiti. Kazi yake ni moja tu: kuhesabu stima inakamilisha mzunguko mara ngapi kwa sekunde. Inatakiwa iwe mara 50. Huwa si 50 kamili. Huwa 49.96, kisha 50.02, kisha 49.99, na kuendelea hivyo usiku kucha. Mke wangu anakiita mgonjwa wangu, kwa sababu nikiingia jikoni nakipima homa kabla sijauliza chai.

Tarakimu hiyo inatoka mbali kuliko jikoni. Turbaini za Olkaria, za Gitaru, za Turkwel, hata za Karuma kule Uganda, zote zimefungwa kwenye mdundo mmoja. Watu wa Nairobi wakiwasha jiko na bomba la maji moto kwa wakati mmoja, mitambo yote hulemewa kidogo, hupunguza mwendo kwa pamoja, na kisanduku cha Lanet huona. Marekani, Chuo Kikuu cha Tennessee kimekuwa kikiendesha mtandao wa vifaa vya namna hii, vinavyochomekwa kwenye soketi za kawaida za ofisi na nyumba, na kutokana navyo kinajua mtambo gani umezimika na katika pembe ipi ya nchi.

Kutoka hapo likazuka swali linalowavutia watu wa mashine zinazojifunza: je, ukisikiliza soketi peke yake unaweza kukisia ni sehemu gani ya umeme huo imetokana na nishati jadidifu? Ukiwa na rekodi ndefu ya masafa (ile tarakimu ya mizunguko kwa sekunde, ipimwayo kwa hezi) kutoka ukutani, na kando yake orodha ya mitambo iliyokuwa ikifanya kazi kila nusu saa, unaweza kuifundisha kompyuta uhusiano wa viwili hivyo. Baadaye unaificha orodha, unaipa masafa pekee, na kuiuliza: sasa hivi upepo na jua ni asilimia ngapi?

Huko Ulaya jambo hili lina mantiki. Mtambo wa makaa ya mawe una rota ya chuma yenye uzito wa tani nyingi, na kitu kizito kinachozunguka hakikubali kubadilisha mwendo upesi. Wanafizikia wanaiita inesha. Jua halina rota. Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, inveta ikaugeuza, na inveta haina uzito wa kukaidi chochote. Upepo nao, katika mitambo mingi ya kisasa, hupita kwenye vifaa vya elektroniki vinavyolitenga panga na mdundo wa gridi. Chukua hesabu ya darasani. Mitambo inayozunguka ina uwezo wa megawati 1,500 na inesha ya sekunde nne. Ghafla megawati 100 zinapotea. Masafa yataanza kushuka kwa kasi ya takriban hezi 0.4 kila sekunde. Ondoa nusu ya rota hizo, weka inveta mahali pake, na kasi hiyo itakuwa maradufu. Kwa hiyo mashine iliyosomea Ulaya imejifunza kanuni moja: gridi ikitikisika upesi, jua na upepo vimejaa, ikitulia, watu wanachoma makaa.

Sasa ilete mashine hiyo Nakuru, uichomeke nyuma ya jokofu langu saa nane za usiku. Watu wamelala. Mzigo wa nchi umeshuka. Wanaoubeba ni Olkaria, na Olkaria ni mvuke. Maji yaliyochemshwa na miamba chini ya Hell's Gate yanapanda, yanatenganishwa na mvuke wake, na mvuke unasukuma turbaini za chuma zilizo ndugu wa damu wa zile za makaa. Kaunti ya Nakuru ina zaidi ya megawati 900 za namna hii, kuanzia mtambo ule wa kwanza wa megawati 15 uliowashwa mwaka 1981, kupitia Olkaria IV ya mwaka 2014 na Olkaria V ya mwaka 2019, mpaka kwa mvuke wa Menengai ulioanza kuingia kwenye gridi mwaka 2023, karibu kabisa na mji wetu. Uzito huo wote unazunguka. Mashine itasikiliza, itasikia utulivu, na itatoa jibu bila kusita: hawa wanachoma makaa.

Hapo ndipo kosa lilipo, wala si la hesabu. Hesabu ni sahihi. Kilichopotoka ni lile neno "jadidifu", ambalo huko lilikotoka lilishikamana na "lisilozunguka" hadi mashine haikuona haja ya kuvitenga. Huku kwetu viwili hivyo ni vitu tofauti. Mvuke ni jadidifu na unazunguka. Maji ya Masinga na Kiambere ni jadidifu na yanazunguka. Dizeli ya Kipevu inazunguka na si jadidifu.

Na kuna la kuchekesha zaidi. Suswa, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu na Narok, pana kituo ambako umeme wa Ethiopia hufika baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenye laini ya kilovolti 500 ya mkondo mnyoofu. Tangu Novemba 2022 tumekuwa tukinunua megawati 200 kupitia laini hiyo. Umeme wenyewe umetokana na maji, na turbaini zake ni nzito kama turbaini nyingine yoyote, lakini uzito huo unabaki Ethiopia. Kinachovuka ni nguvu tupu, inayogeuzwa Suswa kwa vifaa vya elektroniki. Kisanduku changu hakiwezi kuitofautisha na paneli za jua za Garissa. Kwa hiyo mashine ile ile inayomdhania mwenyeji Olkaria kuwa makaa italiita bwawa la Ethiopia jua, tena usiku wa manane.

Uganda nayo iko upande wa pili wa mizani. Tangu miaka ya 1950, wakati umeme wa Owen Falls ulipoletwa Kenya kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo, inayoshuka Lessos, kupita Lanet na Naivasha, na kuishia Juja Road, mdundo wetu na wao umekuwa mmoja. Kiungo chetu nao ni cha mkondo geu, hakuna inveta katikati. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilipozinduliwa mwaka 2024, uzito wake ulisikika kwenye soketi za Nakuru hata siku ambazo hatukununua uniti moja kutoka huko. Ukitaka kukisia sehemu ya nishati jadidifu ya Kenya kwa kusikiliza ukuta, kwanza useme unahesabu mitambo ya nani.

Sijasema kwamba kazi hii haiwezekani. Nasema ifundishwe hapa. Masafa yana mengi kuliko ile kasi ya kushuka katika sekunde ya kwanza. Angalia jinsi yanavyopanda tena. Mitambo ya dizeli hujibu haraka, kama kijana aliyeitwa jina lake. Turbaini ya maji ina tabia ya ajabu: ukiifungulia mlango zaidi, shinikizo hupungua kwanza, kwa hiyo nguvu hushuka kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu safu nzima ya maji ndani ya bomba lazima iongezwe mwendo kwanza. Mvuke wa ardhini kwa kawaida huachwa uende kwa kiwango kilichopangwa, kwa hiyo hautoi jibu kubwa. Tabia tatu, na zote ziko kwenye ule mchoro mfupi wa sekunde 20 au 30 baada ya kila mtikisiko. Gridi yetu ni ndogo na mitikisiko haiadimiki. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton mwenye visanduku vitano na subira ya mwaka mmoja anaweza kukusanya mamia ya michoro hiyo.

Atakachokosa ni majibu. Mashine hujifunza kwa mifano iliyo na majibu yake, na jibu hapa ni: saa hii, dakika hii, mvuke ulikuwa megawati ngapi, maji ngapi, upepo ngapi, dizeli ngapi. Uingereza majibu hayo hutolewa hadharani kila nusu saa, na tangu mwaka 2017 yamekuwa yakiendesha huduma inayomwambia mtu wa kawaida umeme anaotumia una uchafu kiasi gani, na kesho utakuwa na kiasi gani. Kwetu, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, huchapisha takwimu za miezi sita na za mwaka. Ni takwimu nzuri, na ndizo zinazotuonyesha kwamba jotoardhi pekee ni zaidi ya theluthi moja ya umeme wetu na mafuta ni takriban sehemu moja ya kumi. Lakini wastani wa miezi sita hauwezi kumfundisha mtu sekunde 30.

Njia ya kando ipo, na iko mfukoni mwa kila mwenye mita ya tokeni. Tazama risiti yako: kuna mstari wa gharama ya mafuta. Kiwango chake hutangazwa kila mwezi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, nacho hukokotolewa kutokana na mafuta yaliyochomwa kuzalisha umeme pamoja na bei yake. Ukikigawa kiwango hicho kwa bei ya mafuta, kinachobaki kinakuelekeza ni dizeli kiasi gani iliyoingia. Ni jibu la mwezi, lina kelele nyingi, lakini ni jibu. Mashine inaweza kukisia saa kwa saa, kisha ikabanwa: jumla ya makisio yako ya mwezi huu lazima ikaribie tarakimu ya mwezi iliyo kwenye Gazeti. Wataalamu wana jina refu la usimamizi wa namna hii. Mimi naona ni kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama ya muhula bila kumsahihishia daftari. Mwanafunzi mwenye bidii bado atajifunza kitu.

Hayo ni ya umeme unaopita kwenye waya. Kuna mwingine usiopita, na katikati ya Bonde la Ufa ndio unaokua kwa kasi zaidi. Mashamba ya maua ya Naivasha, viwanda, hospitali, shule za bweni, supamaketi: wote wamepandisha sola juu ya paa. Nchi nzima, umeme wa watu wanaojizalishia umefikia mamia ya megawati. Huo hauonekani Juja Road, kilipo kituo cha kitaifa cha kudhibiti gridi. Kinachoonekana ni pengo, yaani mzigo wa Naivasha unapungua saa sita mchana na hakuna aliyezima kitu.

Pengo hilo linaweza kupimwa. Unachukua laini ya kilovolti 11 inayolisha eneo lenye paa nyingi za sola, unalinganisha mchana wa jua na mchana wa mawingu, siku ile ile ya wiki, msimu ule ule. Tofauti ya mzigo ndiyo sola iliyojificha. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndivyo wengi wanavyokosea, kwani anayeijua Nakuru ya Julai anajua kwamba wingu halizimi sola tu. Linaleta baridi. Taa zinawashwa saa tisa alasiri, hita zinatolewa chini ya vitanda, maji ya kuoga yanachemshwa mapema. Mzigo unapanda kwa sababu mbili, na mashine isiyoambiwa itazihesabu zote kuwa paneli. Dawa ni kuwa na laini ya kulinganisha: laini inayolisha mitaa kama Kaptembwa na Rhonda, ambako sola kubwa za paa ni chache lakini wingu ni lile lile na baridi ni ile ile. Kile mzigo wa Kaptembwa unachopanda kwa sababu ya wingu, kitoe kwenye ule wa laini yenye paa za sola, na masalio ndiyo yatakayokuwa karibu na ukweli. Kwa kazi hii sihitaji mtandao mkubwa wa neva bandia. Msitu wa miti ya maamuzi unatosha, nao unafanya kazi kama baraza la wazee: kila mti umeona kesi chache tu na una maoni yake, unaisikiliza miti 500, unachukua wastani.

Wapo wanaopendelea kutazama paa kutoka angani. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford waliifundisha kompyuta kutambua paneli kwenye picha za setilaiti, wakazihesabu karibu Marekani nzima. Ijaribu njia hiyo kwetu uone. Kanuni za mwaka 2012 zilizolazimisha majengo kuweka vipasha maji vya jua ziliacha vioo vyeusi juu ya paa nyingi za mijini, na kutoka juu kipasha maji na paneli ni mapacha. Ukishuka Naivasha unakutana na hekta kwa hekta za nailoni za vivungulio zinazometa mchana. Anayehesabu asiyewahi kukanyaga barabara ya Moi South Lake atatuzawadia sola ambayo hatuna.

Upepo una ujanja wake. Loiyangalani kuna turbaini 365, jumla megawati 310, zilizounganishwa na Suswa mwaka 2018. Upepo wa Turkana hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, nao hushika kasi usiku hadi alfajiri, wakati ambapo mahitaji ya nchi yamelala. Hapo lazima mtu apishe. Mara nyingi anayepisha ni Olkaria: mvuke uliokwisha kuchimbwa na kulipiwa unaachiliwa hewani kwa sauti, na wanaolala karibu wanaujua. Modeli itakayokisia nishati jadidifu kwa kuangalia kasi ya upepo na idadi ya visima vya mvuke itakosea usiku, kwa sababu inapima kilichowezekana na kukiita kilichotumika. Lazima ifundishwe pia kuhusu mvuke uliotupwa. Nami huudhika kila nikisikia nchi inajisifu kwa asilimia 90 na zaidi bila kutaja kwamba kuna usiku ambao tungeweza kuzalisha zaidi ya tulivyohitaji, na jioni yake, saa moja na nusu hadi saa tatu, tulikuwa tukichoma mafuta.

Jioni ndiyo hoja yangu. Mwaka 2025 kilele cha mahitaji kilivuka megawati 2,300, nacho huja jua likiwa limezama na upepo wa Turkana bado haujapamba moto. Wastani wa mwaka hauigusi saa hiyo. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, kianze na megawati 100, kitumie mvuke. Mvuke hauna mchana wala usiku, na kituo cha data vilevile, kwa hiyo kwenye karatasi ndoa hiyo imekubaliana. Lakini megawati 100 za Olkaria zikiondolewa saa mbili usiku, itakayoziba nafasi ni ile inayoweza kuwashwa saa mbili usiku. Mteja mmoja atakuwa na cheti cha asilimia 100. Sisi tuliobaki, mwenye kinyozi wa Section 58 na mwenye kuuza samaki Kwa Rhonda, asilimia yetu itakuwa imeshuka, na wa kuipima hayupo. Nataka mashine inayokisia kwa saa na kwa mtaa, ili mazungumzo hayo yafanyike kwa tarakimu.

Tena kuna matumizi mengine ya visanduku hivi ambayo hayangojei kituo cha data. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa 3:45 usiku, Kenya karibu nzima ilizama gizani. Serikali ilisema shamba la upepo la Turkana, lile la Loiyangalani, lilijitoa likiwa linatoa karibu megawati 270. Wenye shamba wakajibu kwamba wao ndio waliotolewa, kwa sababu ya msongo uliopanda kupita kiasi kutoka kwenye gridi. Ubishi huo ulijaza magazeti kwa siku kadhaa. Mwaka 2016 tulipopoteza stima, walau alipatikana tumbili aliyeanguka juu ya transfoma pale Gitaru, na hakuwa na msemaji.

Lakini masimulizi yale mawili ya Agosti 2023 hayafanani kwenye soketi. Megawati 270 zikiondoka ghafla, masafa huanza kuporomoka papo hapo, na mteremko wake wa sekunde ya kwanza unakwambia uzito uliokuwa ukizunguka. Msongo ukipanda kwanza, volteji inaruka huku masafa yakiwa bado yametulia, kisha ndipo mporomoko unafuata. Visanduku vitatu, Suswa, Nakuru na Mombasa, vyenye saa za setilaiti zinazokubaliana hadi sehemu ndogo kabisa ya sekunde, vingeonyesha kipi kilitangulia na wimbi lilianzia upande upi.

Usiku ule kisanduku changu kilikuwa bado ni vipande kwenye droo ya meza. Sasa kinafanya kazi, kina betri yake, na rekodi zake nazihifadhi kwa mwezi. Mwenye kuzitaka nitampa bure. Upande wa pili wa daftari, mtambo gani ulitoa nini kila nusu saa, uko Juja Road, na barua ya kuuomba nimeshaiandika.